Sorry ya Riyadh na Sorry ya Jeddah

Siku yangu ya kwanza kazini, Riyadh, madam alinionyesha sinki, pasi, na kitanda changu kando ya stoo. Nikamwomba kwa Kiingereza nipige simu Machakos, nimwambie mama nimefika salama. Akasema, "Sorry." Nikangoja anipe simu, nikidhani ananiomba radhi kwa kunichelewesha. Akageuka akaenda zake. Ndipo nikajua kuwa katika nyumba ile sorry ni hapana.

Nyinyi mnaojiandaa kwenda, kazi yetu ilikuwa hivi. Kafili, mwajiri anayekudhamini, ndiye aliyeshika ikama yako, yaani kibali cha kuishi kule, na bila ruhusa yake huondoki nchini. Nilipiga pasi kanzu nyeupe za baba mwenye nyumba, ndiye kafili wangu, mpaka kola zikasimama. Kiswahili nilizungumza na sufuria.

Baadaye kafili alinihamishia Jeddah, upande wa Ruwais, kwa mhandisi wake Mfini, mtu wa Finland, na mkewe. Walikuwa watu wapole, lakini wakimya mno. Mhandisi asiponisikia alisema, "Sorry?" nami nikamjibu kwamba nimemsamehe. Mkewe akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka. Akanieleza kuwa kwao sorry ina maneno kadhaa: anteeksi, kwa mfano, ni samahani, na pia ni sijasikia, hebu rudia. Naye alipojikwaa kwenye zulia nilimwambia sorry, akashangaa kwa nini naomba msamaha ilhali sikumwangusha. Nikamfundisha pole. Alilirudia taratibu, akasema kwao halipo neno la kila siku kama hilo.

Kisha kaka yangu akapiga simu: mama amefariki.

Madam huyu wa Jeddah alimpigia kafili papo hapo kuniombea ruhusa. Nilikuwa nimesimama karibu, nikaisikia sauti ya Riyadh: "Sorry, madam. Mafi safari." Hakuna safari, mpaka mkataba uishe. Madam alibishana naye hadi simu ikakatwa.

Mama alizikwa bila mimi. Siku ya mazishi madam aliingia jikoni, akanifungua aproni, akaketi nami mezani.

"Otan osaa," akasema.

Nikamwuliza hiyo ni sorry ipi.

"Ni ya msiba. Maana yake, nachukua sehemu."

Akaniuliza jina la mama. Nikamwambia, Kalekye. Akalitaja vizuri, kisha akatumiminia kahawa. Tulikaa hapo mpaka kahawa ikapoa, na siku hiyo hakuna aliyepika.

Nilimaliza mkataba nikarudi nyumbani, na kazi ya watu nimeiacha. Watoto wangu wamekua, wanaishi mijini; nyumba ni yangu peke yangu. Ninapolima kishamba changu, mpita njia hunisalimu, "Pole na kazi, mama." Miaka yote ile Uarabuni hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Huweka jembe chini, nikamkaribisha chai, hata kama simjui.