Imevunjika au Imekufa?

Juzi, nikitoka msikitini baada ya adhuhuri, niliambiwa kwamba yule bwana aliyekuwa akipokea kompyuta mbovu katika duka lililo nyuma ya soko la mifugo hapa Garissa amefariki, na kwamba angezikwa kabla ya alasiri. Nilikwenda kuzika, nikarudi nyumbani. Sitajifanya kwamba alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa watu wa salamu, na salamu zenyewe zilikuwa fupi. Sikulia, wala sidhani angependa nilie. Lakini habari hiyo imekataa kuniondoka, kwa hiyo wasomaji waliotaraji leo nimalizie ugomvi wangu na wakubwa wa maji watanivumilia.

Kazi yake ilikuwa kusema hapana. Kampuni moja ya Nairobi inayouza kompyuta ilimweka hapa apokee vifaa vilivyoharibika vikiwa bado ndani ya waranti, avikague, kisha aamue vipi vinastahili kupelekwa Nairobi vikabadilishwe. Sharti linajulikana: kifaa kikifa chenyewe, kampuni inabadilisha, kikipasuka, kikilowa au kikianguka, shauri yako. Na kwa kuwa kwetu kila kitu hupanda lori, hula vumbi na hukaliwa na wageni, vingi vilivyomfikia vilikuwa na majeraha. Watu wakampa jina la utani, Maya, ambalo ni neno la Kisomali la kukataa. Naambiwa baada ya muda hata mkewe alimwita hivyo.

Nakumbuka mkubwa mmoja wa ofisi aliyemletea laptopu yenye ufa kwenye kioo, akaeleza kwa Kiswahili cha mikutano kwamba joto la Garissa ndilo lililokipasua. Maya aliigeuza laptopu ile kwenye mwanga, taratibu, kama anayekagua mbuzi wa kununua. "Mkubwa," akasema, "hii joto ilikuwa na kiwiko." Tuliokuwa dukani tukacheka, na mkubwa akaondoka akisema huyu bwana amenunuliwa na watu wa Nairobi. Wengine walikuja kijanja zaidi. Walijaza nyufa kwa gundi, wakapaka juu rangi ya kucha nyeusi. Maya alikwaruza kidogo kwa ukucha wake, akamrudishia mwenyewe kifaa, akaita anayefuata. Hakuwahubiria. Nadhani jambo hilo ndilo lililowaudhi zaidi.

Sasa niseme habari ya neno moja. Kwetu huku, "imevunjika" husemwa kwa chochote kilichokataa kufanya kazi: simu, pampu ya kisima, hata mtandao. Hatuna nia mbaya, tumezoea tu. Lakini ukipiga simu Nairobi useme kompyuta yako imevunjika, aliye upande wa pili anasikia kitu kilichoanguka kikatawanyika vipande, na hapo hapo waranti yako imekwisha. Sijui ni madai mangapi halali yaliyokufa kwa sababu ya neno hilo.

Siku moja nilikuwa pale dukani kwa ajili ya chaja yangu, akaingia mama mmoja kutoka Ijara akiwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa shuka. Alikuwa na ofisi ndogo ya kuchapa barua na kuwajazia wanafunzi maombi ya basari kwenye mtandao. Aliacha kuuza maziwa ili aifungue, na ndugu za mumewe walikuwa wakingoja ianguke wamwambie si tulikuambia. Kompyuta yake ilikuwa hiyo hiyo moja. Alikuwa ameshapiga simu Nairobi, na Nairobi ilishamkatalia.

"Adeer, madabodi imefunjika," akasema kwa lafudhi ya Kisomali, akimwita amu, akaifungua shuka. Ilikuwa ile bodi kubwa inayobeba viungo vyote vya kompyuta, na kwenye kona yake palikuwa na ufa ambao hata mimi niliuona.

"Imebasuka au imekufa?" Maya akauliza.

"Zote mbili."

"Gani ilianza?"

"Ilikufa kwanza. Ilikataa kuwaka nikiwa ofisini. Hiyo ufa ni ya basi. Mtu aliweka gunia ya sukari juu yake."

Mfanyabiashara mmoja aliyesimama karibu yangu akamwinamia mama, akamwita dada. "Abaayo, sema ilitoka kwa boksi hivyo."

"Wallahi siwezi," mama akajibu. "Ilitoka mzima."

Maya akampigia simu mkubwa wake wa Nairobi, akaiweka simu mezani ili sote tusikie. Nilitaraji aanze na ugonjwa, ufa aufiche mwishoni. Akaanza na ufa. "Bodi iko na ufa kwa kona," akasema. "Hiyo ufa ni yetu, ya basi ya Ijara. Lakini bodi ilikufa kabla ya basi."

"Mzee, unajua sheria. Ikiwa na ufa hatuigusi."

"Najua. Mimi ndio naambia watu hiyo sheria kila siku." "Nikumbushe. Lini nilikuletea kitu nikasema imekufa yenyewe, ukakuta imeanguka?"

Mama alikuwa ameishika shuka yake kwa mikono miwili. "Haijatokea," sauti ya Nairobi ikasema.

"Basi angalia hii. Kama ugonjwa iko kona, rudisha. Kama iko mbali na kona, badilisha."

Bodi ikapelekwa Nairobi, wakakuta imeungua mahali inapopokelea umeme, mbali kabisa na ule ufa. Bodi mpya ilikuja, mama akairudia ofisi yake. Baadaye nilimuuliza Maya kwa nini alianza na ubaya. Akaniambia, "Wakiona ufa kabla ya kusikia, hawasikii tena." Akarudi kwenye kazi yake. Hayo ndiyo mazungumzo marefu zaidi tuliyowahi kuwa nayo.

Alipoanza kuugua, kampuni iliamua kwamba hakuna haja ya mtu wa kukagua. Siku hizi unapiga picha kifaa chako na kuituma kwa simu. Pale kaunta pamebaki mhudumu mchangamfu ambaye hamkatalii mtu; anasema tuma tu, bahati yako. Basi watu wanatuma vyote, vilivyokufa na vilivyopigwa viwiko, na gundi na rangi ya kucha juu yake. Nairobi inaona jina la Garissa, inaona mkwaruzo, inakataa yote bila kufungua. Kaunta ile haijawahi kupendwa kama inavyopendwa sasa, na sijasikia mtu hata mmoja aliyebadilishiwa kitu.

Baada ya mazishi nilimpigia simu mama wa Ijara, kwa kuwa nilidhani hakuna mwingine ambaye angemwambia. Alimwombea marehemu dua. "Sasa nani atatukatalia?" akauliza.

Nimeifikiria ofisi yake, na ile siku kitakapomfia kifaa kingine, na najua atasema ukweli kama alivyousema mara ya kwanza. Ila ukweli wake utafika Nairobi ukiwa katikati ya uongo wetu sote, na hapatakuwa na mtu aliyekwisha kutukatalia sisi wengine ili yeye aaminiwe.