Binti Mfalme na Mlinzi, Nilivyowaona Mimi

Jana nilikuwa Omurushaka nasubiri gari la kurudi Bugene, mara nikaisikia ile sauti ikitoka kwenye duka la simu. Dijei anayetafsiri tamthilia, yule anayesema kwa niaba ya wanaume, wanawake, hata farasi. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Sauti ile imenilea, ujue. Nina miaka kumi na minane sasa, lakini ilinirudisha moja kwa moja kwenye likizo ya kungoja matokeo ya darasa la saba.

Jirani yetu muuguzi alikuwa na televisheni kubwa na roho nzuri. Siku zake za mapumziko alituruhusu kukaa mkekani kwake, mimi na rafiki yangu wa dawati moja, mradi tumenawa miguu. Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Tulitafuna senene wa kukaanga kwa chumvi, macho kwenye kioo. Tamthilia ilikuwa ya nchi ya mbali, ya binti mfalme na mlinzi wake, mwanamke mwenye upanga. Dijei alisema ni mtu na dada yake waliopotezana utotoni. Lakini dada gani anakufunga kamba za viatu halafu anasahau kuinuka? Mchumba mwenye masharubu akiingia, binti mfalme anapiga miayo. Mlinzi akikohoa tu huko nje, anaacha chakula.

Rafiki yangu akanifinya mkono. "Umeona?"

"Nimeona."

"Hao si ndugu."

"Hata kidogo!"

Sijui nikueleze vipi furaha ile. Shuleni waliniita bubu. Wenzangu wakianza habari za wavulana, mimi natazama kucha zangu. Leo nimempata mtu anayeona ninachokiona! Tukirudi nyumbani tulijitungia vipande ambavyo havikuonyeshwa: barua walizoandikiana, walichoongea walipojificha mvua.

Bibi hakuwa anakwenda kwa muuguzi. Kiswahili cha dijei kilimkimbia. Kwa hiyo jioni, tukimenya ndizi, nilimsimulia kwa Kinyambo, yeye na shangazi. Utomvu unaganda vidoleni, maganda tunawatupia mbuzi, na mimi mwenye aibu zote nageuka msimulizi. Bibi alikuwa na kanuni moja: "Hadithi si pombe ya rubisi, haichujwi. Ilete na machicha yake."

Sehemu ya mwisho ikafika. Binti mfalme alikataa harusi, akavua taji, akaondoka na mlinzi. Dijei akasema, "Akaenda kuishi kwa amani na dada yake." Sisi tulikumbatiana mpaka muuguzi akauliza kama matokeo yametoka.

Njiani nikaanza kujiuliza. Nyumbani nitasema nini? Nikisema dada, nitakuwa nimewafukia wale wawili kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikisema nilichoona, shangazi atanitazama mimi, si wao. Rafiki yangu alikuja tumenye wote. "Ukisema dada," alininong'oneza mlangoni, "usinihesabu rafiki."

Nikasimulia mpaka kwenye taji. Shangazi akadakia, "Ehe, akaolewa na nani?"

"Hakuolewa, shangazi. Alimpenda yule mlinzi. Kama mtu anavyompenda mchumba. Wakaondoka wawili."

Visu vikasimama.

"We mtoto! Si ulisema ni dada yake?"

"Dijei ndiye aliyesema. Mimi nilikuwa natazama."

"Makubwa! Na huyo wa upanga, shamba atalipalilia saa ngapi?"

Nilimwangalia Bibi. Alimaliza ndizi yake, akaitumbukiza kwenye beseni, akachukua nyingine.

"Mwache amalize," akasema. "Huko walikokwenda, walipata ardhi?"

Dijei hakusema. Nikawapa mimi: kilima kizima cha migomba, kahawa pembeni, maharage katikati. Bibi akataka kujua kama maji yako karibu. Yako karibu, nikasema. Rafiki yangu akawaongezea mbuzi wanne. Hata shangazi, huku ameuvuta mdomo, akasema nyumba yao isijengwe bondeni.

Muuguzi amehamishwa. Rafiki yangu na wazazi wake wamehamia Kyerwa. Shangazi ana simu yake, anatazama vya kwake peke yake, na ndizi siku hizi namenya na Bibi, tuko wawili tu, hakuna anayedakia. Kwenye simu nimewapata wasichana wengi wa nchi nisizozijua, wanaotazama kama nilivyotazama mimi, na wanaandika. Nami naandika, wananisoma. Jina la nilivyo nalijua pia: napenda wasichana. Nimeliandika hapa bila kulifupisha.

Ila hadithi za wenzangu huishia mlangoni, wapenzi wanakumbatiana, basi. Mimi siwezi kuachia hapo. Wangu lazima wafike, wapime shamba, wachimbe mashimo ya migomba. Wasomaji hunicheka kwamba nawachosha mashujaa wangu kwa jembe. Wacheke. Wangu hawalali njaa.