Dawa ya Kahawia

Jana nilipasua yai viza ndani ya unga wa chapati, mimi ninayejisifu kwamba jikoni hakuna wa kunishinda. Harufu ile ikanirudisha utotoni Kiomboi, kwenye chumba alichosafishia baba picha.

Alitumbukiza picha ya bibi kwenye dawa ya kwanza, sura ikafutika.

"Baba, umemuua bibi!"

Akacheka. "Tulia, anarudi."

Dawa ya pili ilinuka kama mayai viza, na humo bibi akaibuka taratibu, kahawia kama uji wa mtama.

"Njoo ujifunze," baba akaniita, "na mimi siku moja unipige picha."

Nikaziba pua, nikakimbilia nje. Kila alipoita tena, nilikimbia.

Jana jirani aliingia kuuliza kinachonuka, akakodolea macho picha za ukutani.

"Ukoo mzima uko hapa, kasoro baba yako, mpiga picha mwenyewe. Wewe ulikuwa unafanya nini?"