Santuri za Vernita Hazina Lebo

Vernita Pinkney, jirani yangu hapa Bronx, alikuwa mchoyo wa kitu kimoja tu. Chakula atakugawia, nguo atakuazima, hata kitanda atakupisha. Lakini thubutu kumuuliza jina la santuri anayopiga! "Yanakuhusu nini?" ndilo jibu lake.

Siku za kazi alisuka watu saluni, Jumamosi alikuwa dijei. Na madijei wa kwetu miaka ile walikuwa na desturi yao: unalowesha santuri, unabandua lebo, mpinzani akija kuchungulia asione jina akaenda kununua yake. Vernita aliziloweka bafuni, mimi nikibandua. Mama yake, Bi Earline, mwimbaji wa kwaya, alipita akisonya.

"Watu wanaoga humo! Na makelele yenyewe hayo, afadhali ungeosha vyombo."

Kiangazi cha 1986 mambo yakawa mazito. Cleotis, dijei wa mtaa wa pili, aliutaka uwanja wetu wa mpira wa kikapu. Wakakubaliana wapige wote Jumamosi. Atakayeshangiliwa zaidi, uwanja wake mpaka baridi irudi. Vernita roho juu! Bila uwanja ule angepigia wapi, jikoni? Ijumaa akaloweka kila santuri iliyokuwa sebuleni. Kila santuri, jamani!

Jumamosi mchana tukavuta umeme kwenye nguzo ya taa. Cleotis akaanza, na simsingizii, alipiga. Hata muuza barafu aliacha mkokoteni wake akacheza. Cleotis akageuka.

"Dada, funga virago mapema, jua kali."

"Punguza domo, wewe!" nikamjibu mimi, maana Vernita alikuwa akipekua santuri zake.

Akachomoa santuri aliyodhani ndiyo silaha yake, akashusha sindano. Siyo! Ikatoka ngoma, tari na makofi ya watu, mazito, ya kuingia kifuani. Tukatazamana. Wala hatukuijua. Lakini uwanja ulishapagawa, basi Vernita akawa anairudisha kwa kidole kabla haijafika penye kuimba: ngoma na makofi, ngoma na makofi, tena na tena.

Cleotis akasogea, akainama, akakodoa macho. Lebo hakuna.

"Dada Vernita, nakuomba sana. Hii ni ipi?"

"Yanakuhusu nini?" akajibu Vernita, naye mwenyewe anakufa kwa kutaka kujua.

Mara dirisha la ghorofa ya tatu likafunguliwa kwa kishindo.

"Vernita! Hiyo si kwaya yetu? Hayo makofi ni yangu mimi! Nani kabandua lebo ya santuri yangu?"

Kicheko kilichoangushwa hapo! Bi Earline akashuka, kandambili mkononi, nikasema leo Vernita kaisha. Alipofika kwenye spika akasimama. Akasikiliza. Watu wote walikuwa wakipiga makofi pamoja na yale yake ya kwenye santuri. Kandambili ikashuka taratibu.

"Hebu irudishe tena," akasema.

Nilifurahi mpaka nikalia. Uwanja ukawa wetu, na Cleotis, muungwana, akatoa mkono. Kisha akamnong'oneza Bi Earline, "Mama, hii inauzwa wapi?"

"Kanisani kwetu. Njoo Jumapili, na uvae shati."

Alikuja, na shati alivaa, lakini akaambiwa santuri zimekwisha. Vernita alikuwa amewahi asubuhi na mapema kuzinunua zote, na saa hiyo zilikuwa bafuni zinalowa.