Chai ya Mume Wangu

Watu wa Nyarero wakisema Robi ana wivu, hawajanisingizia. Ninao, tena mwingi. Mwanamke umeolewa miaka ishirini, umezaa sita, umelima mpaka mgongo umegoma, halafu mume anakuletea msichana wa Gorong'a anamjengea nyumba hatua thelathini kutoka mlango wako. Usione wivu? Wewe utakuwa jiwe.

Huyo msichana ni Modesta. Ana miaka sita hapa bomani kwetu, na kilichoniuma kuliko yote si ujana wake. Ni chai.

Mume wangu Mogesi anaishi kwa chai. Ya maziwa, majani mengi, sukari ya kutosha, na iwe inatokota. Unaitoa motoni unamimina, yeye anaipokea hapo hapo na kuimaliza kwa mafunda manne, machozi yakimlengalenga, kisha anavuta pumzi na kusema, "Hiyo ndiyo chai." Katika ukoo wao, mke akimpa mume chai iliyotulia, maana yake amemchoka. Watu wanasema kabisa, fulani siku hizi anapewa chai ya kupoa, na wote wanaelewa nyumba hiyo ina nini.

Basi Modesta alikuja na jiko la gesi alilonunuliwa na shangazi yake wa ng'ambo ya Sirari. Mimi na kuni zangu mbichi, yeye anawasha tu, paa! Kabla sijapuliza moto ukashika, Mogesi ameshakunywa kikombe cha pili kule. Siku moja nikampelekea cha kwangu mwenyewe, nikiwa nimekifunika na kisahani. Akaonja, akakiweka chini.

"Mama Deus, hii imepoa."

Alisema mbele ya Modesta! Na Modesta akainamisha uso kama mtu mwenye huruma. Nilitamani kummwagia. Tangu asubuhi hiyo Mogesi akahamishia chai yake kule, na kwangu akawa anakuja kama mgeni, anauliza habari za ng'ombe na kuondoka.

Halafu mwaka jana akaja Sheila, mhudumu wa afya wa kijiji chetu. Alitukusanya akina mama tuliopeleka watoto kwenye chanjo, akasema habari za saratani ya koo. Akasema chai yenyewe haina ubaya. Ila wataalamu wanahisi kwamba kunywa kitu cha moto sana, chai au uji, kila siku kwa miaka mingi, kunaunguza koo na kunaweza kuongeza hatari. Si kila anayekunywa anaugua, akasema, lakini acheni kipoe kidogo. Na mtu akianza kukwamwa na chakula, asikae nyumbani.

Mungu anisamehe, sikufikiria koo la Mogesi. Nilifikiria jiko la gesi la Modesta. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa nimefurahi.

Nikamkuta Mogesi kwa Modesta na wazee wenzake wawili, vikombe mkononi. Sikukaa hata chini. Nikasema, "Kunywa tu! Huyo mke wako mpendwa anakuua kwa chai. Sheila amesema utapata kansa!"

Wazee wakaangaliana. Mogesi akacheka mpaka akakohoa. "Wivu huo, Mama Deus. Umekuja kunitisha ili nirudi kwako." Akamgeukia Modesta, "Ongeza."

Na akaongezewa. Nilirudi kwangu nikalia kwa hasira. Alikuwa amesema kweli, ndiyo maana niliumia.

Baada ya mavuno Modesta alikuja mlangoni kwangu, jambo ambalo halifanyi.

"Shikamoo, dada."

"Sema ulichokuja nacho."

"Baba Deus hamezi. Ugali alishaacha. Sasa hata uji unamrudia."

"Tangu lini?"

"Muda sasa. Alinikataza nisikwambie. Nikimwambia twende hospitali anasema hayo maneno ni ya Robi, yana wivu, hawezi kuyafuata."

Nikakaa pale kwenye kigoda. Alikuwa anakufa njaa ndani ya boma langu, na asiende kutibiwa kwa sababu onyo lilitoka kinywani mwangu.

Nikaenda. Amekonda, jamani, mabega kama hanga la koti. Nikampigia Mogesi magoti mbele ya Modesta, mimi. Nikasema, "Ni kweli, nilisema kwa wivu. Chai ya Modesta ni nzuri kuliko yangu. Kaa naye, kunywa kwake, sitauliza tena. Ila twende Mwanza." Kila neno lilinitoka kama mwiba. Mogesi akaomba koti.

Mwanza walimwingizia mpira kooni, wakakata kinyama cha kupima. Daktari akatuita tukisubiri majibu. Kila alichouliza, Modesta alijibu: ugali ulianza kukwama wiki gani, aliacha nyama mwezi gani. Mke mkubwa nimeshika mfuko wa nguo, sijui lolote. Nilimchukia kuliko siku zote.

"Alikuwa anakunywa vitu vya moto sana?" daktari akauliza. "Siwezi kusema ndicho chanzo, yapo mengi. Ila tangu lini?"

Modesta akanigeukia. Hilo hakulijua.

"Tangu anioe," nikasema. "Nilipokuja kwake alikuwa anapuliza kikombe. Nikamcheka mbele ya rika lake, nikasema anayepuliza chai ni mtoto. Hakupuliza tena."

Daktari akaandika. Modesta amemmiminia chai miaka sita tu. Ile ishirini ya kwanza ni yangu peke yangu.