Penalti Mbele ya Baba

Ukiwa kipa wa timu ya Mwanza, kuna siku mbili kwa msimu unakuwa mgeni nyumbani kwako. Zikija zile timu kubwa za Dar, uwanja wetu wote unavaa rangi zao. Anayekuzomea ni kinyozi wako, mama anayekuuzia maharage, na baba mwenye nyumba wako wa Kiseke. Kesho yake mnasalimiana kama kawaida. Nilishazoea.

Kilichonikaa rohoni ni baba. Yeye ni mfugaji, anaishi ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, na ni shabiki wa mojawapo ya timu hizo tangu sijazaliwa. Anachunga na redio begani. Misimu sita nilikaa langoni ligi kuu, hakuvuka hata mara moja kuja kuniona. Watu wakinisifu mbele yake alikuwa anasema, "Aah, huyo bado anachezacheza tu," kisha anauliza habari za malisho. Nilitamani mno aje, anione kazini, akubali kuwa ile ni kazi.

Msimu ule tulianza vibaya, tukaendelea vibaya. Tulifungwa Mbeya, tukafungwa Dodoma, tukatoka sare nyumbani na timu iliyokwisha kushuka daraja. Kocha wa kwanza alifukuzwa vuli, wa pili hakuiona masika. Ikabaki mechi moja, sisi na timu ya baba, hapa kwetu. Tukipata sare, tunabaki ligi kuu. Wao wakishinda ni mabingwa, wasiposhinda ubingwa unakwenda kwa mahasimu wao.

Baba akapiga simu. "Nakuja."

Nilifurahi sana. Nikamwambia nitamtafutia kiti jukwaani, kule wanakokaa ndugu wa wachezaji.

"Cha nini? Nitakaa na wenzangu."

Alikaa na wenzake kweli, nyuma ya goli nililolinda kipindi cha pili, amevaa jezi mpya ya wageni inayombana tumbo. Nikampungia mkono. Akajibu kwa kuinua kidole kimoja tu, kama anayemsalimia mpita njia. Niliumia, nisiseme uongo.

Hatukufungana hadi dakika za nyongeza. Hapo beki wetu akamvuta mtu jezi ndani ya boksi. Penalti. Uwanja ukaanza kusherehekea kabla mpira haujawekwa. Mpigaji wao nilimjua kwenye televisheni: akitazama chini, anapiga upande wa kushoto wa kipa. Akatazama chini. Nikaruka, mpira ukanigonga kiganjani ukatoka nje. Ikapigwa kona, tukaiondoa, filimbi ikalia. Tumebaki.

Wenzangu walinilalia wote. Nilipojinasua nikatazama nyuma ya goli. Baba alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Nilimkuta getini. "Shikamoo baba."

"Marahaba."

Nikamsindikiza hadi kwenye kivuko cha Kamanga, nimeshusha kofia machoni. Foleni ilijaa jezi kama yake, na wote walikuwa wanamtukana kipa. Jamaa mmoja mnene akamshika baba bega. "Mzee wangu, umekaona kale kakipa? Mbwa kabisa! Katulie huko huko na timu yake mbovu."

"Nimemwona," baba akasema. "Nimemzaa mimi yule."

Jamaa akacheka, akidhani ni utani. Baba hakucheka. Akaweka chini fimbo yake ya kuchungia, pale pale kwenye foleni, akamwonyesha nilivyosubiri, mguu niliosukumia, mkono ulionyooka. Akarudia mara mbili, kwa sababu jamaa hakuelewa vizuri. Mimi nilitazama maji, maana machozi yalishanitoka.

Geti la kivuko likafunguliwa. Baba akaokota fimbo yake, akanigeukia, uso umekunjamana kwa hasira ya kweli.

"Ila umeninyima ubingwa," akasema, akapanda.