Kila Walipomruhusu Kaka Hamisi

Mwanangu, ipo siku moja isiyonitoka moyoni: siku kaka yangu Hamisi aliporudi Temeke kutoka vitani. Jeshi lilikuwa limemruhusu, na sie tulidhani mtu akisharuhusiwa, taabu zake zimekwisha. Mama alipika pilau, majirani wakapiga vigelegele, na mimi, msichana mdogo tu, nikajiona dada wa shujaa.

Jambo moja lilitushangaza. Hamisi alivua nguo za jeshi zote, ila mguu wa kushoto aliendelea kuufunga kile kitambaa kirefu cha kiaskari, kuanzia kifundoni hadi chini ya goti. Vijana wa mtaani walimtania.

"Afande, vita vimekwisha! Au unangoja saluti?"

"Nyie raia mnajua nini?" alijibu, na wote tukacheka.

Alipata kazi ya ukuli bandarini, kupakua shehena za meli. Kila asubuhi nyapara aliwachagua watu kwa kuwatazama miili. Aliyechechemea alirudishwa getini. Hamisi alibeba magunia mchana kutwa, na jioni alijifungia chumbani akifua kitambaa chake mwenyewe. Mwanamume kufua, na dada yupo! Niliona ni maringo ya kiaskari.

Kisha akaja shangazi yetu Mwanahawa kututembelea kutoka Kisarawe. Hakumaliza hata kikombe cha chai.

"Hamisi, baba, fungua huo mguu."

"Ah, shangazi, kijidonda tu."

"Fungua."

Kitambaa kilikuwa kimegandia. Chini yake palikuwa na tundu linalotoa usaha. Ndipo aliposema kwamba bunduki ya mwenzake ilifyatuka kambini, wakati wakisafisha silaha. Walimtibu, kidonda kikafunga, akaruhusiwa. Kilifunguka tena njiani, naye akaogopa kukosa kazi.

Shangazi alitugeukia. "Mnalala naye nyumba moja, pua zenu ziko wapi? Vigelegele mlipiga. Nani alimwuliza anaumwa wapi?"



Tulimpeleka hospitali. Nyapara alipopata habari, alimwachisha kazi. Baadaye tukaambiwa kwamba hospitali nayo imemruhusu. Mama alibeba kanzu mpya, akaenda kumchukua huku akiimba kidogo kidogo. Mlangoni shangazi alimsimamisha dresa, yule mwuguzi wa kufunga vidonda.

"Mwanangu, amepona, au mmeshindwa?"

Dresa alitazama chini. "Mama, usaha umeingia mfupani, na sasa umo kwenye damu. Kakaeni naye."

Mama aliikunja ile kanzu tena, taratibu, kama vile haijawahi kukunjwa.

Tulikaa naye. Kitambaa nikawa nakifua mimi, naye hakunizuia. Hakuufikia mwezi wa Ramadhani.

Mwanangu, utasikia fulani kaachiwa jela, fulani katolewa hospitali, fulani kamaliza jeshi. Usitangulize vigelegele. Kaa naye chini, umwulize ni nini bado kinamtoka, na uivumilie harufu ya jibu lake. Sikudanganyi kwamba kuuliza kungemponya Hamisi. Huenda angekufa vilevile, na hilo linanitesa hadi leo. Lakini asingefua peke yake, mlango umefungwa, na sie tunacheka nje.

Mungu akupe mtu wa kukuuliza, mwanangu. Na siku akikuuliza, akupe moyo wa kufungua.